Mama achague mazoezi yake mwenyewe?

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana na mkono wake wa kulia ukapungua nguvu. Kila wiki tunatoka naye Mbagala kwenda kliniki ya mazoezi, lakini akipewa vibanio vya nguo avipachike kwenye kamba, haichukui muda macho yanahamia mlangoni. Nyumbani, akiomba mwenyewe ungo wa mchele, huchambua mpaka tumwambie apumzike. Kaka yangu anasema mama anadeka. Je, tumwachie achague mazoezi anayotaka?
Binti wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Mama hadeki, na ninaomba neno hilo lisitamkwe mbele yake.

Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwa miaka mingi kwamba kujiamulia ni hitaji la msingi la binadamu, na kwamba linapobanwa, ari hufifia hata kama kazi yenyewe ina manufaa. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanywa katika makao ya wazee huko Connecticut, ambako wazee waliopewa nafasi ya kuamua mambo madogo ya kila siku, pamoja na kutunza mmea waliouchagua, walionekana wachangamfu kuliko wenzao waliofanyiwa kila kitu. Kwa mgonjwa wa kiharusi, ambaye sasa huogeshwa, huvishwa na kupangiwa hata saa ya kulala, uamuzi mdogo huwa na uzito mkubwa.

Kuhusu umakini, mtafiti wa mwendo wa binadamu Gabriele Wulf na wenzake wameonesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi akili yake ikielekea kwenye matokeo ya kazi kuliko kwenye kiungo kinachotenda. Mama anapochambua mchele anatafuta chuya na vijiwe, wala hawazii vidole. Kwenye vibanio hana anachokitafuta. Naamini hapo ndipo ilipo tofauti unayoiona, ingawa tafiti nyingine za karibuni zinaashiria kwamba faida ya kuchagua pekee katika kujifunza mwendo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa awali.

Kwa hiyo msimwachie kila kitu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo ndiye anayejua ni mwendo gani mkono unauhitaji na urudiwe kwa kiasi gani. Mama achague kazi itakayobeba mwendo huo, kati ya mbili au tatu, kwa mfano kuchambua mchele, kuchuma majani ya mchicha au kukunja khanga. Chaguo hilo liwe la kweli: akikataa mchele leo, usiletwe. Jambo la kuangalia sana ni mkono anaoutumia kwenye ungo, kwa kuwa wagonjwa wengi huukwepa mkono dhaifu bila kujua, na ikiwa ni wa kushoto peke yake, mwelezeni mtaalamu ili amwoneshe namna ya kuushirikisha wa kulia.

Ikitokea siku mama hataki hata ungo, hali chakula vizuri, hapati usingizi, au anakaa kimya muda mrefu, msiongeze mazoezi wala kumsihi, bali mpelekeni kwa daktari mapema, kwa sababu sonona huwapata wengi baada ya kiharusi nayo hutibika.