Mpige picha mwanao, wa jirani uliza kwanza

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo nalisema mpaka leo. Ilikuwa siku ya michezo shuleni kwa binti yangu, hapa Jinja, Uganda. Mtoto wa jirani yangu alikuwa ameanguka kwenye mbio za magunia, akachanika kidogo juu ya jicho. Mwalimu akamfunga bendeji kubwa kuliko kidonda, ikamzunguka kichwa kizima kama kilemba. Binti yangu akamshika bega, yule mvulana akacheka na pengo lake la meno mawili, nami nikabonyeza. Jioni nikaiweka stetasi ya WhatsApp: "Mashujaa wetu." Watu zaidi ya sitini wakaitazama kabla sijalala.

Wiki tatu baadaye jirani yangu aliingia bila hodi, jambo ambalo mtaani kwetu Walukuba halifanyiki hata mlango ukiwa wazi. Akaninyooshea simu. "Dada, hii si picha yako?"

Binti yangu alikuwa amekatwa, umebaki mkono wake tu begani kwa mwenzake. Chini yake pameandikwa kwamba mtoto huyu ana uvimbe kwenye ubongo, zinatakiwa shilingi milioni kumi na mbili za operesheni, toa ulichojaliwa, na namba ya simu ya kupelekea pesa. Tangazo lilikuwa limefika kwenye grupu la wanaukoo wao kule Mbale. Bibi wa mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi, akidhani wanamficha. Na wapo waliokwisha kutuma.

Tuliripoti namba ile, ikafungwa. Tangazo halikufungwa, maana hilo halina mwenyewe. Liliibuka tena baada ya miezi minne, na namba nyingine.

Aliyeiiba picha ile alikuwa mmoja wa watu walio kwenye simu yangu, au rafiki wa mmoja wao. Stetasi hufutika baada ya saa 24, ndiyo, lakini skrinishoti huchukua sekunde moja. Fikiria namba ulizozihifadhi: fundi wa bomba, bodaboda aliyekuleta mara moja mwaka juzi, mtu aliyekuuzia sofa. Hao wote, mradi nao wameihifadhi namba yangu, niliwaonyesha mtoto asiye wangu.

Shule nayo ikaja na dawa yake. Mwaka uliofuata, kwenye mahafali ya nasari, tangazo likabandikwa getini: wazazi hawaruhusiwi kupiga picha. Mwalimu mkuu alitutajia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kwa upande fulani hakukosea. Sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya habari binafsi za mtoto, na Katiba yetu ya 1995 inalinda faragha katika ibara ya 27. Lakini angalia kilichotokea siku ile. Wapiga picha wa biashara waliingia kama kawaida na kamera zao. Kabla hotuba ya mgeni rasmi haijaisha, picha zilikuwa zimeshasafishwa na kutandazwa kwenye nyasi nje ya hema, 5,000 kila moja. Watoto wote, na majoho yao, na ule utepe wenye jina, wamelala pale chini kwa yeyote apitaye. Mama aliyekuja na nauli ya kurudi tu aliondoka bila picha ya mwanawe. Yule asiyemjua mtoto angeweza kununua.

Kwa hiyo mimi siungi mkono marufuku. Mzazi aruhusiwe kumpiga picha mwanawe. Uingereza, ambako shule nazo zimewahi kuwazuia wazazi kwenye maigizo ya Krismasi, mamlaka yao ya data ilishaeleza kwamba picha ya mzazi kwa ajili ya albamu ya nyumbani haikatazwi na sheria ya data. Kinachonisumbua mimi si kupiga, ni picha inakokwenda baada ya hapo.

Siku hizi nafanya hivi. Napiga goti, nasogea karibu, namweka binti yangu mbele ya ukuta au ua, si mbele ya darasa zima. Kwenye mbio haiwezekani, wengine lazima wataingia. Picha hiyo naipiga bila wasiwasi, ila inabaki kwenye simu. Nikimpata mtoto wa mwingine vizuri, namtumia mama yake peke yake, yeye ndiye ataamua. Stetasi yenye watoto wanaiona ndugu wachache tu. Mahali kwenye kamera nimepazima pia, kwa sababu picha hubeba alama za ilikopigwa. WhatsApp huziondoa ukiituma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama faili zinasafiri nayo. Na naangalia beji. Beji ya shule pamoja na jina kwenye utepe vinatosha kumwezesha mgeni asimame getini na kumwita mtoto kwa jina lake, naye mtoto atadhani ni mjomba.

Kwa walimu nina ombi moja. Wekeni mstari kwenye fomu ya kuandikisha mtoto: picha ndiyo au hapana. Kisha mtenge pembe moja yenye kitambaa nyuma, kila mzazi ampeleke wake. Na hao wa kamera kubwa waandikishwe, na picha zisitandazwe chini kama mitumba.

La kumuuliza mtoto mwenyewe nililichelewa. Binti yangu ana miaka tisa sasa, na nilipomwuliza aliniagiza nifute kumi na moja, zikiwemo mbili nilizozipenda sana. Nilibishana naye kidogo. Nikafuta.

Jirani yangu hakunisemesha vizuri kwa miezi kadhaa, na sikumlaumu. Muhula uliopita, siku ya michezo tena, alinijia kwenye mstari wa kumalizia akiwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, mikono imejaa chupa za maji. "Nipigie na wangu," akasema, "halafu nitumie mimi tu." Mvulana alikuwa wa nne, kafumba macho, meno yote yameshaota. Nilimtumia palepale, akasubiri mpaka ameiona imeingia.