Chumba cha mahafali: usilipie bei ya "pesa hairudishwi" kabla hujashika ratiba ya kitivo

Mkuu, usibonyeze hicho kitufe cha kulipa.

Umeandika kwamba kwa ajili ya mahafali ya mwanao umepata hoteli "mita 900 kutoka chuoni", mtakuwa watu wanne, mtalala siku tatu, bei imeshuka kwa sababu ni ya pesa hairudishwi, na unataka kulipa usiku huu kabla ofa haijafungwa. Umeuliza pia mtaa upi umetulia, kama kuna haja ya kulipia kifungua kinywa, na kama hoteli ni bora kuliko nyumba ya kukodi. Hayo yote yanaweza kusubiri. Katika maelezo yako yote hakuna mahali uliposema chuo kimetoa ratiba. Umesema tu "mwanangu kaniambia ni Ijumaa". Hapo ndipo pesa yako itakapopotelea.

Kanuni yangu ni hii: kama hujashika ratiba ya chuo yenye jina la kitivo, siku, saa na ukumbi, usilipie chumba ambacho huwezi kukifuta. Hata kiwe rahisi kiasi gani. Mimi nililipia siku tatu kwa tarehe ya kuambiwa mdomoni, kitivo kikapangwa siku mbili mbele, na sikurudishiwa hata senti. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali.

Tarehe hubadilika kwa sababu kalenda inayotoka mapema huandika "wiki ya mahafali" au siku ya kilele tu. Chuo kikubwa hakiwezi kuwahitimisha watu wote kwa mkupuo. Huwagawa kwa vitivo, wengine asubuhi na wengine mchana, kwa siku mbili, tatu, hata wiki nzima. Mgawanyo huo mara nyingi hutoka baada ya matokeo ya mwisho kupitishwa, maana ndipo wanapojua wahitimu ni wangapi na ukumbi utabeba kitivo kipi. Kwa hiyo mtoto anaposema Ijumaa, huenda anarudia tu alichokiona mwaka jana. Na kuna jambo ambalo watoto hawalisemi haraka: kama ana somo analorudia, ada inayodaiwa au kitabu cha maktaba ambacho hajarudisha, jina lake linaweza lisiwemo kabisa kwenye orodha ya mwaka huu. Muulize hilo kwa upole, lakini muulize kabla hujalipa.

Tena umesema watu wanne. Vyuo vingi hutoa idadi maalumu ya tiketi za wageni kwa kila mhitimu, mara nyingi mbili. Ukilipia vitanda vinne halafu wawili wakaishia kukaa nje ya geti, hiyo nayo ni hasara.

Sasa piga hesabu ya hiyo ofa. Tuseme chumba kinachofutika ni 100 kwa siku na kisichofutika ni 85. Kwa siku tatu unaokoa 45. Tarehe ikikosea unapoteza 255, halafu unaanza upya kutafuta chumba kingine kwa bei ya dakika za mwisho, wakati mji mzima umejaa wazazi kama wewe. Hata bila kuhesabu hicho chumba cha pili, ili punguzo hilo likulipe lazima tarehe yako iwe sahihi zaidi ya mara 17 kati ya 20. Kwa tarehe ya mdomo huna uhakika wa namna hiyo. Na watu wanne huenda mkahitaji vyumba viwili, kwa hiyo zidisha yote mara mbili.

Usidhani kwamba ukipata shida utasogeza siku tu. Kwenye bei hizi, kusogeza siku ni sawa na kufuta na kununua upya. Na msipofika usiku wa kwanza bila kutoa taarifa, hoteli nyingi huhesabu kwamba hamji tena na kuziuza siku zilizobaki. Basi likiharibika njiani, piga simu mapokezi usiku huohuo uwaambie mnakuja kesho, na umwombe aliyepokea akuthibitishie kwa barua pepe.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waangalifu: "lipa ukifika" haina maana kwamba unaweza kufuta. Hayo ni mambo mawili tofauti. Unaweza kuwa hujalipa chochote, lakini umeshatoa namba ya kadi na umekubali sharti la kutofuta. Siku ikifika hujaonekana, wanakata. Acha kuangalia unalipa lini, tafuta mstari unaosema mwisho wa kufuta bure ni lini. Usipouona mstari huo, chukulia kwamba haupo.

Ukiuona, usome taratibu. Ukisema "hadi tarehe 14, 00:00", ni usiku ule wa kuamkia tarehe 14, yaani mwisho wako ni tarehe 13 saa 5 na dakika 59 usiku. Ukiamka asubuhi ya tarehe 14 ukafuta, umechelewa. Na sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tunanaswa hapa: 18:00 ni saa 12 jioni, lakini 12:00 ni saa 6 mchana. Mtu anaona 12:00, kichwani inamjia saa kumi na mbili, anafuta saa 11 na nusu jioni akijua bado ana nusu saa, kumbe amepitwa na saa tano na nusu. Tena saa inayohesabiwa kwa kawaida ni ya pale hoteli ilipo. Kama chuo kiko nchi ya mbali upande wa mashariki, wenzako wameshavuka usiku wa manane wakati kwako bado ni jioni. Futa siku mbili kabla ya mwisho, usiungoje mwisho wenyewe. Ukishafuta, hakikisha umepata barua pepe yenye namba ya kufuta, na upige picha ya skrini. Bila hiyo hamna cha kubishania.

Wanaonichoma zaidi ni madalali wa mitandaoni. Unaandika jina la hoteli, tangazo la juu kabisa lina jina hilohilo kwenye anwani ya tovuti, picha ni zilezile, na kuna namba ya simu. Unapiga, mtu anapokea kwa sauti ya mapokezi, anakuuzia chumba. Siku ya shida unaipigia hoteli yenyewe, wanakwambia "ongea na uliyemlipa". Ukimrudia dalali, anakwambia "hoteli imekataa". Unabaki unazungushwa katikati, na kila upande umeshachukua chake. Nina hasira nao kwa sababu wanajua kabisa mzazi wa mahafali ana haraka na hajui taratibu. Yale maandishi mekundu ya "vimebaki vyumba 2" mara nyingi yanahesabu vyumba vilivyopo kwenye tovuti hiyo kwa bei hiyo. Hoteli yenyewe inaweza kuwa na vingine kumi. Usikimbizwe nayo.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kutoa namba ya kadi, muulize aliye kwenye simu: "Wewe uko ndani ya jengo la hoteli?" Akianza kuzunguka, kata. Namba ya simu ichukue kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, na uangalie kama barua pepe zao zinatoka kwenye anwani hiyohiyo. Na kama umepitia kwa dalali, baada ya siku mbili tatu ipigie hoteli uulize kama jina lako limo kwenye mfumo wao, kwa tarehe zipi, na namba ya nafasi upande wao ni ipi. Namba aliyokupa dalali ni ya dalali. Wazazi wamefika na mabegi wakaambiwa jina halipo.

Unachotakiwa kufanya leo: weka nafasi ya chumba kinachofutika bure, tena kwa siku nyingi kuliko unazohitaji. Kama wiki ya mahafali ni Jumatatu hadi Ijumaa, shika zote. Ratiba ya kitivo ikitoka, punguza ubaki na siku zako. Ila kabla ya kupunguza uliza kama bei ya siku zinazobaki itabaki ileile, maana mifumo mingine huhesabu upya kwa bei ya siku hiyo. Na soma masharti ya tarehe zako, usisome ya hoteli kwa ujumla. Hoteli ambayo wiki ya kawaida inakuruhusu kufuta saa 24 kabla, wiki ya mahafali inaweza kutaka wiki mbili, au amana isiyorudi, au ikulazimishe ulale angalau siku mbili. Hilo huandikwa kwa maandishi madogo chini ya tarehe.

Kisha ipigie hoteli moja kwa moja. Piga siku ya kazi, mchana, wageni wa asubuhi wakishaondoka, ndipo mtu wa mapokezi ana nafasi ya kukusikiliza. Uliza kama wana bei ya chuo. Hoteli nyingi za jirani huwa na makubaliano na chuo, na bei hiyo haionekani mtandaoni mpaka upewe msimbo au uonyeshe kitambulisho cha mwanafunzi. Uliza bei uliyotajiwa ni ya watu wangapi, kwa sababu inayoonekana kwanza kwa kawaida ni ya watu wazima wawili bila kitanda cha ziada, na mara nyingine bila kodi. Uliza pia watashikilia kiasi gani kwenye kadi kama dhamana mkifika. Kama kadi yako inatoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti, kiasi hicho kinaweza kukaa kimefungwa siku kadhaa hata baada ya kuondoka, na wewe ulikitegemea kwa nauli ya kurudi. Halafu omba majibu yote kwa barua pepe, maana aliyekujibu leo huenda asiwe zamu siku hiyo.

Na kabla ya hoteli yoyote, mtume mtoto ofisini aulizie nyumba ya wageni ya chuo na vyumba vya hosteli. Wanafunzi wakiwa likizo, vyuo vingi hukodisha vyumba hivyo kwa wageni, na mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya hoteli. Kitanda ni cha mtu mmoja, bafu pengine la pamoja, lakini mko ndani ya geti.

Kuhusu hizo mita 900: mara nyingi umbali huo umepimwa kwa mstari ulionyooka kutoka alama ya chuo kwenye ramani, na alama inaweza kuwa imewekwa kwenye jengo la utawala. Usitafute njia ya "kwenda chuoni". Tafuta ya kwenda kwenye geti la ukumbi uliotajwa kwenye ratiba, kwa miguu, saa ileile mtakayotembea. Reli, mto, au uzio wa kampasi wenye geti lililofungwa vinaweza kuzigeuza mita 900 kuwa kilomita tatu. Na baadhi ya mahafali hufanyika kwenye ukumbi au uwanja ulio nje kabisa ya chuo. Unaona tena kwa nini nasema ratiba kwanza.

Kama umeshalipa kabla ya kusoma hapa, usikate tamaa bado. Angalia masharti haraka, maana baadhi huruhusu kufuta ndani ya saa 24 tangu kulipa. Ikishindikana, mpigie meneja wa hoteli, na usianze na ombi la kurudishiwa pesa. Omba kusogezewa tarehe kwa hisani yake, maana masharti hayakupi haki hiyo. Hilo hukubalika kirahisi zaidi kwa sababu pesa inabaki kwao, hasa kama ni mapema na chumba bado kinauzika. Akikubali na ulilipa kwa dalali, muombe aandike barua pepe yenye jina lake kwamba hoteli imeridhia bila tozo, kisha umpelekee dalali barua hiyo. Neno la mdomo dalali hatalipokea. Njia ya mwisho ni kuomba jina la mgeni libadilishwe, umpe chumba mzazi mwenzio ambaye kitivo cha mwanawe kimepangwa siku hizo. Kundi la wazazi la darasa lao litakupatia mtu.

Mtaa na kifungua kinywa tutazungumza ukishajua ukumbi. Sasa hivi mwandikie mtoto akutumie tangazo lenyewe la ofisi ya msajili, lote, siyo maneno yake. Na hukusema anasoma kitivo gani, na kampasi ipi?