Kabla ya kufunga kihisi kwenye mota, ijue kwanza mota yenyewe

Katika kiwanda chetu kidogo cha unga wa mahindi hapa Katuba, Lubumbashi, tulifunga kihisi cha mtikisiko na joto kwenye kinu cha nyundo (kinachosaga mahindi kwa vipande vya chuma vinavyozunguka) tukiamini kwamba kazi imekwisha. Ni kidude chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, hunasa kwa sumaku juu ya beringi, sehemu inayoshikilia mhimili ukizunguka, na kutuma vipimo kwenye simu. Tulikosea tulipokubali kikomo cha tahadhari, yaani kipimo ambacho kikivukwa simu hulia, kilichoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Kila umeme uliporudi baada ya kukatika, mota ilivuta mkondo unaoweza kufika mara sita ya ule wa kawaida, kinu kikatetemeka, simu ikalia. Vijana wakachoka, wakazima sauti. Beringi ilipoanza kuharibika kweli hakuna aliyesikia, na kinu kikasimama siku tatu huku akina mama waliotaka unga wa bukari wakirudi na mahindi yao kichwani.

Ushauri wangu ni kupima mashine ikiwa nzima, kwa wiki mbili hivi, ikizunguka tupu na ikiwa imejaa mahindi, kisha uweke kikomo kutokana na vipimo hivyo na kuiamuru programu isihesabu dakika za kwanza baada ya kuwasha.

Ukiweza kuchagua, nunua kihisi kinachoonyesha pia mtikisiko unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Mota yetu huzunguka karibu mara 1450 kwa dakika na imeunganishwa moja kwa moja na kinu. Mtikisiko ukijirudia mara 24 hivi kwa sekunde, yaani mara moja kwa kila mzunguko, naanza kwa kupima uzito wa nyundo, kwa sababu nyundo zilizolika bila kulingana huyumbisha ngoma inayozibeba. Beringi iliyochubuka hujitokeza kwenye mitikisiko ya kasi zaidi. Zamani tulitupa beringi nzima na kuziacha nyundo mbovu, jambo linaloniuma hadi leo.

Volti za fezi zote tatu, yaani njia tatu zinazoleta umeme kwenye mota, nazo zirekodiwe: zikitofautiana kidogo tu, mikondo hutofautiana sana, mota hupata moto, na kwa kawaida kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi kiwango hupunguza umri wa kihami cha nyaya zake (ganda linalozuia umeme kuvuja) karibu kwa nusu. Muulize pia muuzaji kama kifaa huhifadhi vipimo ndani yake mtandao unapopotea.

Mwendesha kinu wetu, mzee anayegusisha ncha ya bisibisi kwenye beringi na kuweka mpini sikioni, sasa huandika daftarini alichosikia kando ya saa ya kila tahadhari, na ni kwa daftari hilo tunarekebisha vikomo kila mwezi.