Kurenda kukikwama, usibonyeze tena

Kila kijana anayekuja kujifunza uhariri wa video hapa kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huja na desturi moja ambayo namwachisha wiki ya kwanza. Akirenda, yaani akiiambia kompyuta igeuze kazi yake kuwa faili moja la video, na video ikagoma kutoka, anafunga ujumbe wa kosa bila kuusoma, kisha anabonyeza upya. Ikigoma mara ya pili, anazima kompyuta na kuiwasha. Mara ya tatu ananunua bando ili apakue programu nzima upya. Kunakucha, mwenye harusi anapiga simu, na kosa bado limekaa palepale lilipokuwa jioni.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, nawaandikia kwa sababu mimi mwenyewe nimekesha hivyo mara nyingi kabla sijaelewa. Karibu kila kosa la kurenda lina mahali linapokaa: dakika fulani kwenye taimlaini (ule mstari wa muda mnaopangia klipu), klipu fulani, diski fulani. Kazi yenu ya kwanza ni kufika mahali hapo. Mkibadilisha mipangilio mitano kwa pamoja na video ikatoka, hamtajua ni kipi kilichosaidia, na mwezi ujao mtakesha tena.

Ujumbe wa kosa upigeni picha kwa simu kabla ya kuufunga. Ndani yake tafuteni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta mbili, kwa mfano 01:12:44:08. Hiyo ni saa moja, dakika 12, sekunde 44, fremu ya 8. Nendeni hapo, kisha tazameni na sekunde chache nyuma na mbele yake, maana programu husoma fremu za mbele wakati inaandika za nyuma, na mwenye shida anaweza kuwa klipu ya jirani. Mtakuta kitu: efekti, picha, maandishi yenye fonti iliyoharibika, klipu iliyonakiliwa nusu kutoka kwenye kadi ya kamera. Kizimeni, msikifute, halafu mrende dakika mbili tu za eneo hilo. Zikipita, mmekipata. Asilimia inayoonekana kwenye skrini ni jambo lingine: inawapa makadirio ya kazi iliyofanyika, haiwapi anwani.

Kuna ujumbe usiotaja wakati wowote. Unasema tu kosa halijulikani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo ninapotaka mkae nami kidogo.

Tulikuwa na video ya saa tatu ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi. Kila ikifika asilimia sitini na kitu, inakufa, bila namba, bila maelezo. Binti mmoja kutoka Koboko, aliyekuwa nasi mwezi wa pili, nikamwambia aikate taimlaini nusu kwa nusu. Aliweka alama ya mwanzo na ya mwisho, akarenda dakika 90 za kwanza peke yake. Zikapita. Basi mgonjwa alikuwa nusu ya pili. Akaigawa hiyo: dakika 45, kisha 22, kisha 11, kisha 6, kisha 3. Majaribio sita, na mengi ni mafupi, tukabaki na dakika tatu za kuangalia kwa macho badala ya saa tatu. Nilimkataza jambo moja tu, kushusha ukubwa wa video ili majaribio yaende haraka. Ukishusha, kosa linalotokana na kumbukumbu ya kadi ya picha (sehemu ya kompyuta inayokokotoa picha) hujificha, nawe utadhani eneo lile ni zima.

Ndani ya dakika hizo tatu kulikuwa na picha ya babu wa bibi harusi, amevaa kanzu, amesimama mbele ya nyumba ya nyasi. Familia ilikuwa imeipeleka kuskaniwa mjini, na aliyeiskani aliipenda kazi yake: pikseli 14,000 kwa 9,800. Faili lilikuwa na MB 18 tu, ndiyo maana hakuna aliyelitilia shaka. Lakini MB 18 ni uzito wa picha ikiwa imekunjwa. Programu inapoifungua kuifanyia kazi kwa usahihi wa biti 32, kila pikseli hula baiti 16, nne kwa kila rangi na nne za uwazi. Zidisheni: pikseli milioni 137 mara 16 ni kama GB 2.2. Na mhariri wetu alikuwa ameiweka mara mbili, moja mbele inayosogezwa polepole, nyingine nyuma yake imefifishwa ili kuziba pembeni. GB 4.4, kwenye kadi ya picha yenye GB 4.

Tuliipunguza picha hadi upana wa pikseli 4,000, ambao unatosha kabisa kwa video ya 1920 kwa 1080 hata ukiisogeza karibu. Mzigo ukashuka hadi kama MB 180 kwa kila nakala. Video ikatoka usiku uleule. Tangu siku hiyo picha zote za wateja tunazipunguza kabla hazijaingia kwenye mradi, na nawaomba nanyi mfanye hivyo hata mkiwa na haraka.

Kama huna muda wa kutafuta na mteja yuko mlangoni, kuna njia ya dharura: kuiondoa kadi ya picha kazini. Hapa wageni huchanganya mambo mawili. Kwenye programu ya uhariri ya Premiere Pro, mpangilio wa mradi ndio unaoamua nani anakokotoa efekti na rangi, kadi ya picha au prosesa. Mpangilio wa kutoa video unaamua nani anaibana video kuwa H.264 au H.265, njia mbili za kubana video. Ni kazi mbili tofauti, na unaweza kubadilisha moja ukaiacha nyingine. Ukiwa na kosa la kumbukumbu, badilisha ya kwanza. Video ikitoka bila kosa lolote lakini ina mistari ya kijani au vipande vilivyovunjika, jaribu ya pili. Itachukua muda mrefu zaidi, pengine mara kadhaa, kwa hiyo msiifanye kuwa tabia ya kila siku.

Sasa flashi. Wateja wetu wengi hawatazami video kwenye intaneti. Wanaitaka kwenye flashi, waichomeke nyuma ya televisheni nyumbani, iwe ni Nebbi au ng'ambo ya mpaka kule Ariwara. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini hutoka dukani zikiwa zimefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu kabisa. Nimeona kijana akirudisha flashi tatu dukani akidhani ni feki. (Feki zipo, na zinaumiza, lakini zile zilikuwa nzima.)

Fanyeni hesabu kabla ya kurenda. Megabiti kwa sekunde, mara sekunde za video, gawanya kwa 8, mnapata MB. Saa tatu ni sekunde 10,800. Kwa megabiti 16 kwa sekunde mnapata MB 21,600, yaani GB 21.6. Kwa kiwango hichohicho, GB 4 hujaa karibu dakika ya 35. Kwa hiyo mkiona video inakatika kila mara karibu dakika hiyo, msiguse efekti hata moja, tazameni diski mnayoandikia. Flashi ikifomatiwa exFAT tatizo hilo huisha, ila televisheni nyingi za zamani haziisomi. Sisi tunamgawia mteja sherehe kwa vipande vilivyo chini ya GB 4, tukivikata pale sherehe yenyewe inapopumua: kufika kwa wageni, mahari, chakula. Na tunatumia H.264, kwa sababu televisheni ambayo haijui H.265 itacheza sauti peke yake na mteja atasema mmemwibia.

Na msirende moja kwa moja kwenye flashi. Renda kwenye diski ya ndani, kisha nakili. Acheni pia nafasi ya kutosha kwenye diski hiyo, angalau mara mbili ya ukubwa wa faili mliopiga hesabu, maana kache (faili za muda ambazo programu hujitengenezea) hukua kimyakimya wakati wa kazi. Kufuta kache ni salama, programu itaitengeneza upya. Kufuta klipu za kamera ni jambo jingine kabisa. Nabwana I.G.G., wa Wakaliga kule Kampala, ambaye filamu zake zinatazamwa hadi Marekani, alilazimika kufuta nakala ya asili ya filamu yake ya 2010 ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Lililobaki ni toleo la DVD lenye sauti ya VJ, yule anayesimulia na kutania juu ya filamu. Hakufanya hivyo kwa uzembe, nafasi haikuwepo. Kama ninyi mna uwezo wa kununua diski ya ziada, inunueni kabla ya kununua taa mpya.

Umeme ukikatika katikati ya kurenda MP4, faili mnalolikuta mara nyingi halifunguki hata kama lina GB 8. Sababu ni kwamba faharasa ya faili, ile inayomwambia mchezaji fremu ipi iko wapi, kwa kawaida huandikwa mwishoni. Bila faharasa, zile GB 8 ni kama kitabu kilichochanwa kurasa zikatupwa sakafuni. Kwa kazi ndefu tunarenda vipande vya dakika 20 kwa kodeki (njia ya kuhifadhi na kubana video) nyepesi kuhaririwa kama DNxHR au ProRes, kisha tunaviunganisha na kuvibana kuwa MP4 mara moja. Vinakula diski sana, lakini umeme ukikatika tunapoteza kipande kimoja. UPS ndogo, betri ya akiba ya dakika kumi, ni ya kuhifadhi mradi na kuzima kwa utaratibu. Isije ikawashawishi kwamba mtamaliza nayo kurenda.

Joto nalo. Miezi ya kiangazi hapa, kompyuta iliyowekwa juu ya kitambaa au godoro hujizima yenyewe. Kabla haijajizima hupunguza mwendo, na muda uliobaki kwenye skrini huongezeka badala ya kupungua. Mkiona hivyo, inueni kompyuta kwa vipande viwili vya mbao, pulizeni vumbi kwenye feni, rendeni usiku.

Klipu za simu za wajomba na mashangazi ndizo zinazoleta sauti isiyoendana na midomo. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, kasi hushuka, na programu ya uhariri huchanganyikiwa. Zipitisheni kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, mchague kasi isiyobadilika, ndipo muziingize kwenye mradi. Msisubiri kuligundua hilo baada ya kuhariri saa tatu, kwa sababu kulirekebisha hapo ni kuanza upya, nami nimeshaanza upya.

Kuna kosa ninaloliogopa kuliko yote, lile lisilotoa ujumbe. Programu inasema imemaliza, faili linafunguka, kumbe dakika ya 80 kuna klipu iliyopotea na mahali pake pana bango jekundu, au video nzima imetoka kwa proksi (nakala hafifu za kuhariria) na nyuso zimekuwa ukungu. Kwa hiyo faili lililotoka linatazamwa lote. Tunalitazama kwa kasi mara mbili, watu wawili kwa zamu, na kila kiungo cha kipande kinatazamwa kwa kasi ya kawaida huku sauti ikiwa juu. Kisha flashi inachomolewa kwa utaratibu, inapelekwa kwenye televisheni ya zamani tuliyoiweka pale kona ya studio kwa kazi hiyo tu, na inachezwa mwanzo, katikati na mwisho. Baada ya hapo ndipo tunampigia mteja simu aje.