Nimwingize sungura ndani, au abaki bandani nje?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Niko Arua. Mwaka juzi tuliwanunulia watoto sungura wawili wa kike, ndugu, tukawajengea banda nyuma ya nyumba: mbao, bati juu, sakafu ya waya. Februari iliyopita mmoja wao, Pamba, tulimkuta mchana amelala ubavu anahema kwa shida, na kabla ya saa kumi akafa. Hakuwa hata na miaka 2. Jirani yangu anasema sungura wa nje havuki miaka 3, na wa ndani anafika 10. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, sigiri tunaiwasha kwenye baraza la nyuma. Ni kweli anayosema? Aliyebaki nimwingize ndani?
Mama wa watoto watatu, Arua

JIBU: Mama, pole sana, wewe na watoto. Naomba nianze na Pamba, kwa sababu ukijua kilichomuua, nusu ya jibu umeshaipata. Sikumwona kwa macho, lakini Februari ya Arua, saa za mchana, chini ya bati, mnyama amelala ubavu na kuhema kwa shida: dalili zote hizo zinaelekeza kwenye joto. Hakufa kwa sababu alikuwa nje. Alikufa kwa sababu alikuwa ndani ya sanduku lililogeuka tanuri.

Sungura hatoi jasho, na kuhema kwake hakumpozi kama kunavyompoza mbwa. Joto lake analitolea zaidi kwenye masikio. Hewa ikifika nyuzi 28 anaanza kuhangaika; ikipita 30 na hakuna upepo, yuko hatarini. Na chini ya bati lililopigwa na jua la mchana, joto la bandani hupita kwa mbali lile unalolisikia wewe ukiwa umesimama uani.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea sungura wake mchana wa kiangazi ndani ya kreti ya soda, amelifunga nyuma ya boda boda. Nilipomshika masikio yalikuwa ya moto kama kikombe cha chai, mishipa imevimba na kuwa myekundu, pua imepanuka, kidevu kimelowa mate, kichwa amekirudisha nyuma akiitafuta hewa. Tulimlaza kwenye sakafu ya saruji kivulini, tukachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi tukawa tunamfuta masikio na nyayo, tena na tena, huku mwenzangu akimpepea. Yalikuwa maji ya mtungi, si ya barafu: maji ya barafu huibana mishipa ya ngozi, joto likabaki ndani ya mwili, na mshtuko wenyewe unaweza kumuua. Baada ya muda mrefu alikunja miguu akakaa mwenyewe. Jambo hili wafundishe watoto, wanaweza kulifanya wakati wewe uko sokoni.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu jina la mnyama huyu, maana linatupotosha. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemshinda simba na fisi, ni mnyama wa mbugani. Haishi shimoni, analala kwenye nyasi, na mwili wake umelizoea jua letu. Huyu wa kufuga ni mwingine kabisa. Asili yake ni Hispania na Ureno, na kule mababu zake walichimba mashimo marefu wakashinda humo mchana, wakatoka kula alfajiri na magharibi. Mwili wake ulitengenezwa kwa ajili ya shimo: mahali pa baridi, pakavu, penye giza na pasipofikiwa na mbwa. Kwa hiyo unapouliza nje au ndani, mimi najiuliza ni wapi pa nyumba yako panapofanana zaidi na shimo, na bado pana nafasi ya kukimbia.

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Sungura aliyetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Mmoja aliyekamatwa porini Tasmania mwaka 1964 akalelewa nyumbani alipita miaka 18. Kule porini wengi wa aina yake hawamalizi hata mwaka wa kwanza, na huyu kilichobadilika ni malezi tu. Lakini hiyo miaka 3 ya jirani, nadhani najua inakotoka. Mabanda mengi tunayojenga hapa Uganda, la kwako likiwemo, yamenakiliwa kutoka kwa wafugaji wa nyama. Mfugaji wa nyama anamchinja sungura akiwa na miezi 3 mpaka 5, na jike la kuzalisha analibadilisha baada ya miaka miwili mitatu. Banda lake ni sahihi kwa hesabu zake: waya chini ili kinyesi kidondoke, nafasi ndogo, kazi rahisi. Sungura wa watoto unataka akae miaka 10. Waya huohuo utamchubua nyayo mpaka zitoke vidonda, na nafasi hiyo ndogo itamdhoofisha mifupa. Hata mkimhamishia banda hilo sebuleni, shida itakuwa ileile.

Nje kuna adui wengine zaidi ya joto. Mbwa koko ndiye ninayemwogopa kuliko wote, na si lazima avunje mlango. Akizunguka banda usiku akibweka, sungura hurusha miguu ya nyuma kwa hofu mpaka akavunjika uti wa mgongo, au moyo ukasimama. Asubuhi mnamkuta amekufa bila jeraha, watu wanaanza kutafuta aliyemlisha sumu. Halafu siafu. Wengi huweka miguu ya banda kwenye makopo yenye oili chafu ya gari, na ni wazo zuri, ila angalia majani yanayoota pembeni: unyasi mmoja ukigusa ubao, siafu wamepata daraja, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kenge, nyoka, kicheche, nguchiro, sina haja ya kukuhesabia, wewe uko Arua unawajua.

Msimu wa mvua unaleta adui asiyeonekana, koksidia. Vijidudu hivi hutoka na kinyesi, na vikipata unyevu na joto kwa siku chache vinakuwa tayari kuambukiza. Watoto wa sungura wa mwezi mmoja mpaka mitatu ndio wanaokufa zaidi, tumbo limejaa na wanaharisha. Dawa za salfa zipo, lakini banda kavu linalofagiliwa kila siku linazuia kuliko dawa yoyote. Na sungura mwenye manyoya machafu nyuma huvutia nzi wakataga mayai. Nimeshawahi kumgeuza mmoja nikakuta mabuu yameshaingia chini ya ngozi, na wenyewe walidhani amechoka tu.

Ndani nako hakukosi vyake. Sigiri kwanza. Sungura huvuta hewa kwa pua pekee, mapafu yake ni madogo, na moshi wa mkaa unaoingia kupitia mlango wa nyuma utamuumiza kabla haujawaumiza ninyi. Mkipika, mlango huo ufungwe, au yeye awe upande wa mbele. Nyaya za umeme atazikata, hilo usilitilie shaka, kwa hiyo zipandishwe juu au zipitishwe kwenye bomba. Saruji iliyosuguliwa inamtelezesha, tandika gunia au mkeka. Na mkojo: ukiinama kwenye kona yake ukasikia harufu kali, yeye ameivuta usiku kucha, na mafua yake ya kudumu huanzia hapo.

Kwa nyumba yako, basi, ningefanya hivi: alale ndani, ashinde nje kivulini. Jioni, jua likianza kuzama, mwingize sebuleni kwenye kona iliyozungushiwa wavu, yenye boksi la kujifichia na beseni la nyasi kavu la kujisaidia. Huwa wanachagua kona moja wenyewe. Wewe weka beseni pale alipochagua, usipachague wewe. Asubuhi atoke, awe kwenye uzio wa kuhamishika chini ya mwembe, wavu pande zote na juu pia, kwa ajili ya mwewe. Si chini ya mti wa ovakado, majani yake na maganda yake ni sumu kwake. Januari na Februari, ikifika saa tano, mrudishe ndani au mlalishie mtungi mkubwa wa udongo kwenye kivuli, uulowanishe kwa nje. Udongo ukilowa unapoa, naye ataingia mwenyewe akajinyoosha. Nimeona mitungi iliyopasuka mdomo ikifanya kazi hiyo vizuri kuliko banda la gharama. Maji yasikatike: sungura wa kilo 2 hunywa kama robo lita kwa siku, na siku ya joto huzidisha. Mtu wa Kabale akiniuliza swali lako nitamjibu vingine, kwa sababu baridi ya kule mnyama huyu anaistahimili vizuri mradi awe mkavu na asipigwe na upepo.

Chakula nakipitia haraka. Nyasi, nyasi, na nyasi tena, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Majani ya viazi vitamu na majani ya porini uyaache yanyauke kidogo kabla ya kumpa. Majani mabichi ya muhogo hapana.

Kuna faida ya kulala ndani ambayo jirani yako hakuitaja, na naamini ndiyo inayoongeza miaka kuliko zote: anaonekana. Sungura ni kitoweo cha kila mnyama, kwa hiyo anaficha maumivu mpaka dakika ya mwisho. Wa bandani anaumwa Jumatatu, mnajua Alhamisi. Wa sebuleni mtoto atasema asubuhi, mama, leo hakuja kuomba majani. Tazama beseni kila asubuhi. Vinyesi viwe vya mviringo, ukubwa wa mbaazi, na vingi. Vikiwa vidogo au hakuna, na amekataa kula tangu jana jioni, tumbo limeacha kufanya kazi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, si ya kesho. Na tafadhali, asipewe amoksilini ya watoto. Nimepokea sungura aliyeandikiwa dawa hiyo dukani kwa ajili ya kikohozi. Inaua bakteria wema wa tumbo lake, wabaya wakatawala, na huyo hatukumwokoa. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili nazo ni sumu kwake.

Jambo la mwisho linahusu huyu aliyebaki kwa kuwa ni jike. Majike wasioondolewa kizazi hupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi wa kutisha wakishavuka miaka 4, katika koo nyingine zaidi ya nusu yao, awe amelala ndani au nje. Ukitaka afike miaka 10, upasuaji huo ni wa kuufikiria sasa akiwa bado kijana. Kabla hujakubali, muulize daktari kama ameshawahi kumlaza sungura usingizi. Akikuambia mnyama asile usiku kucha kabla ya upasuaji, tafuta mwingine: sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu ndilo linalomdhuru.

Nadhani pia anamkumbuka Pamba, wanyama hawa hawapendi kuishi peke yao. Mkimtafutia dume, lihasiwe kwanza, kisha likae mbali naye wiki 4 hadi 6, maana mbegu zilizobaki mwilini bado zinatosha kuwaletea watoto wako vitoto vinane vya sungura ndani ya mwezi mmoja.