Anza na maboksi, macho yasubiri

Siku tuliyowasha mashine ya kuchambua paneli za dari, nzuri na mbaya, kiwandani kwetu, wakubwa walikuja na wageni, tukapiga makofi. Saa tisa alasiri ya siku ile ile mashine ikaanza kukataa kila paneli inayopita. Kila moja. Tulihangaika na programu mpaka jioni, halafu ikapona yenyewe. Kesho yake, saa tisa, yale yale. Siku ya tatu kijana mmoja wa usafi akanyoosha kidole juu: bati la kupitisha mwanga kwenye paa. Jua likifika pale, mwale unatua juu ya paneli, na kamera inauhesabu kuwa doa. Tukaijengea kamera kibanda cha mbao, ikatulia.

Nakusimulia haya kwa sababu huenda na wewe umeanza kupigiwa simu na wauzaji wa mashine.

Paneli zetu ni za dari: jasi katikati, na uso wa PVC, yaani plastiki, uliobandikwa kwa gundi. Zina milimita 595 kwa 595 ili ziingie kwenye fremu ya 600. Moja ina kilo mbili hivi, na boksi linabeba 8. Tulianza kwa kuweka mashine ya kuchambua, maana ndiko kulikoonekana kisasa, kamera na skrini na taa za rangi. Tulikosea. Ningerudishwa nyuma leo ningeanzia mwisho wa laini, kwenye maboksi.

Fanya hesabu hii ya kwako mwenyewe. Laini ikitoa paneli 12 kwa dakika, hayo ni maboksi 90 kwa saa. Zamu ya saa 8 ni maboksi 720, kila moja kilo 16 bila katoni yenyewe. Ni zaidi ya tani 11 zinazopita mikononi na viunoni mwa wapakiaji wawili, kila siku. Kazi ile inataka mgongo tu, na mgongo una mwisho. Kuchambua kunataka jicho na uamuzi, vitu ambavyo mashine huvipata kwa taabu na kwa gharama. Kwa hiyo mpe mashine mzigo kwanza.

Lakini usidhani kufunga boksi ni rahisi kwa kuwa mtu analifunga huku anapiga soga. Mpakiaji akikuta katoni imejipinda kwa unyevu, anaipiga kofi, inanyooka, anaendelea. Ukimuuliza jioni atakwambia katoni zote zilikuwa nzima. Roboti ya kupakia haina kofi hilo. Inaivuta katoni, ubawa mmoja haufunguki, laini nzima inasimama. Wiki mbili tulimlaumu fundi wa roboti, kumbe katoni zilikuwa zimelala chini kwenye sakafu inayovuta maji. Tukaziinua juu ya paleti, mbali na ukuta, na zilizotangulia kuingia zikawa zinatangulia kutumika. Hapo ndipo roboti ikawa nzuri. Nenda kwenye stoo yako ya katoni kabla hujaenda kwenye maonyesho ya mashine.

Vikombe vya kufyonza, ambavyo roboti hunyanyulia paneli, vinashika vizuri uso wa PVC kwa sababu hauvujishi hewa. Kinachoviua ni vumbi la jasi. Linaingia kwenye chujio, nguvu ya kufyonza inashuka kidogo kidogo, na paneli inaanza kuteleza saa ambayo fundi amekwenda kula. Muulize muuzaji chujio linabadilishwa kwa dakika ngapi, na kama mtu wa zamu ya usiku anaweza kulibadilisha bila spana. Akikwepa swali, umeshajua.

Halafu kuna paneli mbili kunyanyuliwa pamoja. Zikilaliana zinanatana, ya chini inapanda na ya juu. Tuliweka upepo wa kompresa upulize ubavuni wakati wa kunyanyua, ukasaidia sana ila haukumaliza tatizo. Kilicholimaliza ni mizani iliyofungwa baada ya boksi kuzibwa. Paneli ikizidi au ikipungua, tofauti ni kilo mbili, na hata jasi ikiwa na unyevu haiwezi kuificha. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyofunga, na ndicho cha mwisho ningekubali kuking'oa.

Jambo jingine ambalo hakuna muuzaji atakayelitaja: asilimia zinazidishana. Ukifunga mashine tano mfululizo, kila moja ikifanya kazi asilimia 98 ya muda, laini yako haifanyi kazi asilimia 98. Inabaki kama 90, kwa sababu moja ikisimama zote zinasimama. Acha nafasi kati ya mashine na mashine, meza ya kulimbikiza paneli za dakika tatu nne, ili hitilafu ndogo isifike kwa jirani. Sisi tulibana kila kitu kwa kuogopa kupoteza nafasi, tukaja kubomoa.

Usalama fuata viwango vilivyopo (kwa roboti za viwandani ni ISO 10218), ila na swali moja liulize kwa mdomo: mtu akibonyeza kitufe cha dharura, paneli iliyo hewani inabaki imeshikwa au inaanguka? Ya kwetu ilikuwa inaanguka.

Sasa kuchambua. Kabla ya kununua kamera, chukua paneli 50, zipe namba kwa nyuma, uwape wakaguzi wako watatu kila mmoja kwa wakati wake wagawe nzuri na mbaya. Kesho yake warudie zile zile. Kwetu hakuna aliyekubaliana na mwenzake, na aliyekaa kazini miaka mingi kuliko wote hakukubaliana hata na nafsi yake ya jana. Kama kiwandani kwenu hamjakubaliana mkwaruzo wa urefu gani ni kasoro, kamera mtaifundisha nini? Tuliandika kurasa mbili zenye picha, na zile kurasa peke yake zilipunguza ugomvi na wateja kabla mashine haijafika. Taa nayo iweke ubavuni, iangaze kwa kulala; ukiiweka juu, mabonde madogo hayaonekani.

Pamoja na hayo yote, kuna kitu tulikikosa. Mwezi wa pili tangu kamera ianze kazi, malalamiko yakaanza: uso wa PVC unabanduka. Kamera ilikuwa imezipitisha zote. Nikamwendea mzee aliyekuwa mkaguzi zamani, tuliyekuwa tumempeleka stoo.

"Mzee, enzi zako hizi zilikuwa zinapitaje?"

Akachukua paneli mbili, akazigonga kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine. "Sikiliza mwenyewe, mwanangu."

Ya kwanza ilitoa sauti kavu, fupi. Ya pili ililia kama debe tupu: gundi haikushika. Miaka yote alikuwa akigonga huku akiangalia, na katika siku zote nilizosimama pembeni yake na daftari, nilidhani ni mazoea tu. Tulijaribu kumwekea mashine yenye kinyundo na maikrofoni, kelele za kiwanda zikaishinda. Akarudi kwenye laini na kiti chake, kati ya kamera na roboti, na anagonga moja katika kila nane. Sasa hivi ana vijana wawili anaowafundisha, na mmoja wao ni yule wa usafi.