Re: Miji midogo ya Marekani ni wazee wa Kizungu watupu?

Mkuu, inategemea na mji. Chukua Storm Lake, kwenye jimbo la Iowa: watu kama 11,000 hivi, ziwa upande mmoja, pande zingine mahindi na soya hadi macho yachoke. Ajira kubwa ni viwanda vya kampuni ya nyama ya Tyson, vya nguruwe na bata mzinga. Kiwanda cha zamani cha nyama kilifungwa 1981, mwaka uliofuata kampuni nyingine ya nyama, IBP, wakakifufua, wakaja Walao (watu wa Laos, Asia), kisha Wamexico na wengine kibao. Shuleni sasa watoto wa Kizungu ndio wachache. Kazi yenyewe si lelemama: zamu nzima umesimama kwenye baridi, kisu mkononi, nyama zinapita tu mbele yako.

Mimi lakini nawavulia kofia kwa gazeti lao, Storm Lake Times (tangu 2022 linaitwa Storm Lake Times Pilot), la familia ya Cullen. Mwaka 2017 mhariri wake Art Cullen alishinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa tahariri zilizowabana wakubwa wa kilimo, mbolea za mashambani zikidaiwa kuchafua mito. Na wasomaji wake ni wakulima haohao! Ukienda, tafuta gari mapema, na baridi ya Januari usiidharau.